Gari la michezo la kujiundia: kwa nini hesabu ya Uingereza haitoki Arusha

Katika vijiwe vya mafundi wa Unga Limited, hapa Arusha, kuna aina ya video fupi ambayo haikosi kuzungushwa kwenye simu kila baada ya muda. Kijana wa Ulaya ananunua gari chakavu, analifumua mpaka linabaki injini na magurudumu, kisha baada ya dakika tatu za muziki anatoka gereji akiendesha gari dogo la wazi, la viti viwili, lililolala chini kama mjusi. Mwishoni huandikwa gharama, na gharama hiyo ikigeuzwa kuwa shilingi huonekana kuwa ndogo kuliko bei ya Toyota Altezza iliyotumika. Hapo mabishano huanza. Wapo wanaosema video nzima ni uongo, na wapo wanaoanza kutafuta gari la kuchinja jioni hiyo hiyo. Mara nyingi tarakimu ile ni ya kweli kule ilikoandikwa, ila imejengwa juu ya mambo mawili ambayo huku hayapo, nayo ni kodi ya Uingereza iliyokwisha kufutwa na ujira wa fundi wa Ulaya.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Gari la kujiundia ni gari ambalo mtu hulijenga mwenyewe, ama kutokana na michoro, ama kutokana na seti ya vipande inayouzwa na kiwanda kidogo. Waingereza huiita seti hiyo kwa neno ambalo likitamkwa Kiswahili huwa kiti, kwa hiyo mimi nitasema seti, msomaji asije akadhani tunazungumzia sofa. Kwa kawaida seti huwa na chesisi, bodi na vyuma vya kushikia mashine, lakini haina mashine yenyewe. Injini, giaboksi, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), stelingi, breki na hata waya hutolewa kwenye gari moja lililokwisha kutumika, yaani lile ambalo mafundi wetu huliita gari la kuchinja. Chesisi, ambayo tutairudia mara nyingi, ni uti wa mgongo wa gari, fremu inayobeba kila kitu kingine.

Imani kwamba gari la namna hii ni la bei rahisi ina historia yake. Mwaka 1957 Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alianza kuuza gari dogo liitwalo Seven. Wakati huo Uingereza ilikuwa ikitoza kodi nzito ya ununuzi kwa gari lililokamilika, lakini vipuri havikuguswa na kodi hiyo. Mnunuzi aliyepelekewa vipande nyumbani akaviunganisha mwenyewe aliepuka kodi kihalali. Husimuliwa kwamba sheria ilikataza vipande kuambatana na maelekezo ya kuunganisha, ndipo Lotus wakaweka maelekezo ya kufumua gari, na mnunuzi akashauriwa kuyasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mwaka 1973 Uingereza ilileta Kodi ya Ongezeko la Thamani, mwanya ule ukazibika, na mwaka huo huo haki za kutengeneza Seven zikachukuliwa na kampuni ya Caterham, ambayo inaliuza hadi leo. Kodi iliondoka, lakini sifa ya urahisi ilibaki. Baadaye, mwaka 1996, kilitoka kitabu kimoja huko huko Uingereza ambacho jalada lake liliahidi gari la michezo kwa pauni 250, na tangu hapo tarakimu hiyo imekuwa ikisafiri kuliko kitabu chenyewe. Pauni 250 ziliwezekana kwa mtu aliyekuwa na mashine ya kuchomelea, banda, mabomba ya kuokoteza na Ford Escort iliyooza bodi ambayo jirani alitaka tu iondoke uani.

Ford Escort ya kupewa bure ndiyo kitu cha kwanza ambacho Arusha hakuna. Huko, gari likishafikisha umri fulani hukosa thamani kwa sababu ya ukaguzi mkali na kutu. Huku gari halikosi thamani hata likigongwa, kwa kuwa kila mlango, kila taa na kila kioo kina mtu anayekisubiri. Tena, gari lililoingia nchini limekwisha kutozwa ushuru, na ushuru ule haukuyeyuka: umo ndani ya bei ya gari hata likiuzwa mara ya nne. Anayenunua mkweche Sakina ananunua chuma pamoja na kodi iliyolipwa bandarini Dar es Salaam miaka kumi iliyopita.

Je, tuagize seti kutoka nje? Hapa pana dhana moja inayowagharimu watu, kwamba vipande vikija ndani ya sanduku vitahesabiwa kuwa spea na vitakwepa ushuru wa gari. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha, ambao nchi za Afrika Mashariki huutumia, unasema kinyume. Kitu kilichofumuliwa au kisichokamilika huainishwa kama kitu kamili ikiwa kina sifa za msingi za kitu hicho, na maelezo ya mfumo huo hutaja waziwazi mfano wa gari lisilofungwa injini. Ni sawa na kupeleka mbuzi mnadani bila kamba: hakuna atakayekuambia huyo si mbuzi.

Tukokotoe kwa mfano. Kampuni ya Factory Five ya Massachusetts, Marekani, ilipoanza kuuza seti ya gari liitwalo 818, linalochinjiwa Subaru Impreza WRX, bei ilikuwa takriban dola 10,000. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ni milioni 25. Tukadirie usafiri na bima hadi Dar es Salaam kuwa milioni 7, tunapata milioni 32. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 huongeza milioni 8, jumla 40. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 haitozwi juu ya zile 32, bali juu ya 40, kwa hiyo huongeza milioni 7.2. Tumefika milioni 47.2 bila kuhesabu ushuru wa bidhaa, tozo ndogondogo, wakala wa bandari na lori la kuja Arusha, na bado hatujanunua hiyo Impreza ya kuchinja.

Lakini sababu kubwa ya kutoagiza seti kwa maoni yangu si kodi, ni ujira. Jiulize seti inamuuzia nini Mwingereza. Inamuuzia kazi ambayo yeye hawezi kuimudu, yaani kupima, kukata na kuchomelea chesisi, kisha inamwachia kazi anayoiweza, ya kufunga nati na boliti, ambayo kama angemlipa fundi wa kwao kwa saa ingemtoa jasho. Faida yake yote imo katika mikono yake mwenyewe. Huku hesabu imegeuka juu chini, kwa sababu ujira wa fundi ni mdogo na kipuri ni ghali. Tuseme gari linahitaji saa 600 za kazi, ambazo ni siku 75 za saa nane. Ukimlipa fundi shilingi 25,000 kwa siku, utakuwa umetoa chini ya milioni 2. Kwa hiyo anayejisifu kwamba ataokoa fedha kwa kufunga gari mwenyewe hataokoa mengi. Atafurahi, na hilo lina thamani yake, lakini lisiandikwe kwenye safu ya akiba.

Na kazi ngumu, ile ambayo seti inamsaidia Mwingereza kuikwepa, ndiyo kazi ambayo mji huu unaijua. Magari ya watalii yanayopanda kwenda Ngorongoro na Serengeti hayakutoka Japani yakiwa vile. Karakana za Arusha huchukua Land Cruiser, hukata chesisi, huirefusha, huongeza viti na kujenga paa la kuinuka ili mgeni asimame apige picha. Fundi anayeweza kurefusha chesisi ya gari la tani mbili na zaidi, ikabeba watu kwenye barabara ya makorongo kwa miaka, hahitaji kununua fremu ya bomba iliyochomelewa ng'ambo. Anachohitaji ni mchoro sahihi na mtu atakayemsimamia vipimo.

Hata hivyo, mchomeleaji si mchomeleaji tu. Chesisi za mtindo wa Seven hujengwa kwa bomba la mraba la milimita 25 lenye unene wa milimita 1.6. Niliwahi kumsindikiza rafiki yangu kununua mabomba hayo. Kwenye karatasi ya duka yaliandikwa 1.5, tukasema potelea mbali, pungufu ni dogo. Nilipoingiza venia, kile kipimo cha unene, kwenye mdomo wa bomba la kwanza ilisoma 1.2, na la pili halikufika hata hapo. Muuzaji alicheka akasema mageti yote ya mtaa ule yamejengwa kwa bomba hilo hilo. Hakukosea, ila geti haliendi kilomita 100 kwa saa likiwa na watu ndani. Tulirudi mikono mitupu, na mabomba tuliyoyapata mwishowe yaligharimu karibu nusu zaidi.

Rafiki huyo ndiye aliyenifanya niifanyie kazi hesabu nzima kwenye daftari. Alikuwa na Altezza iliyopigwa kwa nyuma, akaamua kuichinja. Nitatumia tarakimu za mviringo, msomaji azibadilishe kulingana na soko la siku anayosoma. Tuseme gari limenunuliwa milioni 6. Gari la kuchinja huhesabiwa kama ng'ombe: bei ya ng'ombe mzima si bei ya nyama, kwa kuwa ngozi, kichwa na miguu vina wateja wake. Milango, boneti, taa, vioo na viti visivyohitajika vikiuzwa polepole kwa milioni 1.8, mashine zimebaki kwa milioni 4.2. Kwa wengi hesabu huishia hapa, na ndiyo maana husikika watu wakisema gari zima litagharimu milioni 5.

Sasa ongeza bomba na kuchomelea, milioni 2. Vitu vya kuchakaa vilivyokuja na lile gari haviwezi kurudishwa vilivyo: bushi, boli jointi, diski na pedi za breki, mipira ya breki, klachi, mkanda wa taimingi, pampu ya maji, oili sili, beringi za magurudumu. Gari lililotembea miaka zaidi ya 20 huficha uchovu mwingi, na ni upuuzi kufunga bushi iliyopasuka kwenye chesisi mpya. Weka milioni 2.2. Matairi na ringi milioni 1.2. Rejeta, tangi la mafuta na ekzosi laki 9. Waya laki 6, ukiwa na fundi umeme mvumilivu. Bodi ya bati la alumini na faiba milioni 2. Viti, mikanda na geji laki 9, rangi laki 7, kazi za leti na kupanga magurudumu milioni 1.2. Kisha kuna fungu la laki 8 ambalo sina jina lake ila vitu vidogo: boliti za daraja sahihi, klipu, mabomba ya breki, gundi, rivet, sandpepa, mawe ya grenda. Hizo ni milioni 12.5 juu ya zile 4.2, jumla milioni 16.7, na ukiajiri kila mkono inakaribia 19. Gari la kuchinja ambalo kila mtu huuliza bei yake limechukua robo tu ya fedha.

Aliyewahi kujenga nyumba ataitambua hali hii. Kusimamisha boma na kupaua huonekana kama ndiyo nyumba, majirani hupongeza, picha hupigwa. Kumbe plasta, milango, waya, mabomba ya maji na sakafu bado, na ndiyo maana kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi tunapita maboma yaliyoota nyasi ndani. Chesisi iliyosimama kwa magurudumu manne ikiwa na injini ni boma lililopauliwa. Nimeona waya wote wa Altezza ile ukiwa umetandazwa kwenye turubai, mrefu kama nyavu ya mvuvi, kila kichwa kimefungwa kipande cha gundi ya karatasi kilichoandikwa kwa kalamu: "feni", "pampu ya mafuta", "hii ya nini?" Zile za "hii ya nini?" zilikuwa kumi na moja, na zilichukua wiki tatu.

Kwa milioni hizo mtu angenunua Altezza nzima inayotembea na chenji ikabaki. Ni kweli, na anayetaka gari la bei rahisi afanye hivyo hivyo. Gari la kujiundia hujibu swali jingine, nalo ni uzito. Altezza yenye injini ya 3S-GE ilitangazwa Japani kuwa na nguvu za farasi 210, na gari lina takriban kilo 1,350, sawa na farasi 156 kwa kila tani. Mwishoni mwa 2013 Caterham walitoa Seven yenye injini ya Suzuki ya silinda tatu, ujazo wa cc 660, yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), farasi 80 tu. Gari zima lilikuwa na kilo 490. Gawanya: farasi 163 kwa tani. Injini hiyo ni ya familia ya K6A, ile ile ambayo, bila tabo, imo ndani ya baadhi ya Suzuki Carry tunazoziita kirikuu, zinazobeba magunia ya viazi kutoka soko la Kilombero. Bodaboda akibeba abiria mmoja na akibeba mshikaki pikipiki ni ile ile, lakini muulize anavyopanda mlima.

Hii ndiyo sababu siafiki mazoea ya kutafuta injini kubwa kwanza. Injini kubwa huvuta giaboksi kubwa, difu nzito, breki kubwa na bomba nene, na kila kimoja kina bei. Kirikuu ina mambo ambayo mjenzi anayahitaji: huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, nyingi zina gia za mkono, eksili ya nyuma ni moja nzima isiyo na ufundi mwingi, na spea zake zimejaa kila mtaa. Bila tabo haitakuwa na kasi ya ile ya Caterham, lakini itakuwa gari jepesi. Wenye IST na Vitz nao huuliza kama magari yao yanafaa. Yanafaa kwa njia nyingine, kwa kuwa injini yake imelala kwa upana na huvuta magurudumu ya mbele. Mjenzi huichukua mashine nzima na giaboksi yake, huihamishia nyuma ya viti, ikawa inasukuma badala ya kuvuta. Chesisi yake ni tofauti kabisa na ya Seven, na si kazi ya kuanzia.

Kuna sehemu mbili ambazo ningemkataza mtu kubana fedha: breki na stelingi. Nguzo ya usukani iliyokatwa na kuungwa kwa kuchomelewa ovyo, au bomba la breki lililopindwa kwa mkono karibu na ekzosi, havitoi onyo kabla ya kuachia. Pia gari hili hukaa chini mno, na kutoka Arusha hadi Usa River peke yake matuta ni mengi kiasi kwamba mjenzi hana budi kuinua chesisi kuliko mchoro unavyosema, hata kama sura itapungua.

Imebaki kadi, yaani hati ya usajili wa gari. Watu wengi huamini kwamba gari ni injini, na kwamba ukiwa na injini yenye kadi basi umeshamaliza. Kwa miaka mingi mamlaka ya usajili ya Uingereza ilitumia mfumo wa alama kuamua kama gari lililobadilishwa lingeweza kubaki na usajili wake. Gari lilitakiwa kufikisha alama nane kwa sehemu zilizobaki za asili. Chesisi ilikuwa na alama tano, stelingi mbili, injini moja tu. Macho ya sheria yalitazama uti wa mgongo. Tanzania haina alama hizo, lakini kadi ya gari hutaja namba ya chesisi, namba ya injini, aina ya bodi, rangi, uzito na idadi ya viti. Altezza ya milango minne ikitokea barabarani ikiwa haina hata mlango mmoja, kadi na gari havizungumzi lugha moja, na trafiki wa kwanza atauliza. Bima nayo hufuata kadi. Mabadiliko ya namna hii hutakiwa kutaarifiwa kwa msajili, na ukaguzi wa polisi huhusika, kwa hiyo mahali pa kwanza pa kupeleka mchoro ni huko, gari likiwa bado zima, kabla grenda haijawashwa.

Rafiki yangu aliwasha grenda kwanza. Chesisi ya Altezza ilipokatwa, kipande chenye namba iliyogongwa kwenye chuma kiliondoka pamoja na skrepa, na kadi aliyonayo leo inaelezea gari ambalo halipo. Mashine zake bado ziko kwenye turubai lile lile, zimefunikwa, na kila akiona kirikuu imeegeshwa huinama kutazama chini yake, kisha huuliza kama kadi ipo.